Utumbo wa Mtoto Utazamwe Kabla ya Safari

Mtoto wa miaka kumi anaharisha mwezi wa tatu sasa, choo kina damu, amekonda, na sare ya shule ya mwaka jana bado inamtosha. Nyumbani watasema mchango. Zahanati itampa dawa ya minyoo, kisha ya amiba, na ni sawa kuanzia hapo. Dozi zikiisha na hali ikabaki vilevile, wazazi huuza mpunga, wakapanda treni kutoka Tabora kwenda Dar es Salaam. Kabla ya safari hiyo naomba kipimo kimoja: ultrasaundi ya utumbo.

Wengi wanaijua kwa wajawazito. Haina mionzi, wala mtoto halazimiki kulazwa usingizi. Mama anamshika mkono. Mpimaji hukandamiza tumbo taratibu kuondoa hewa, akitafuta hasa chini upande wa kulia, utumbo mwembamba unapoishia. Ukuta wa utumbo wenye afya kwa kawaida hauzidi milimita 3. Ukinenepa, tabaka zake zikafutika na damu ikapita kwa wingi, tunaanza kuwaza ugonjwa wa Crohn, uvimbe wa kudumu wa utumbo, wenye jina la daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932.

Lakini kifua kikuu (TB) cha utumbo nacho hupenda mahali palepale, na hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Mtoto mwenye TB akipewa steroidi kwa kudhaniwa ana Crohn, TB inaweza kusambaa mwilini. Tezi kubwa zilizooza katikati, au maji tumboni, humwelekeza daktari kwenye TB. Hata hivyo picha peke yake haikati shauri. Utumbo uchunguzwe kwa endoskopi na kinyama chake kipimwe maabara.

Kipimo cha CT kibaki cha dharura, utumbo ukiziba au ukitoboka, kwa kuwa mionzi humdhuru mtoto zaidi ya mtu mzima, na ugonjwa wa Crohn hudai picha za mara kwa mara kwa miaka mingi. MRI haina mionzi na huonyesha utumbo mwembamba wote, ila mtoto anywe kimiminika kingi na atulie kwa muda mrefu ndani ya mashine. Hiyo ndiyo inayostahili nauli.

Mzazi, ukipimiwa mtoto katika hospitali ya Kitete au Nkinga hapa mkoani Tabora, omba unene wa ukuta uandikwe kwa milimita. Safiri na majibu hayo, pamoja na kadi yenye uzito na urefu wake.