Fahamu: Bua la mtama linavyogeuka mafuta ya gari

Mavuno yakiisha Mkonze, Dodoma, mabua ya mtama hubaki shambani. Mengine huliwa na ng'ombe, mengine huchomwa moto. Bua hilo lina sukari, ila imefungwa ndani ya selulosi, nayo imekingwa na lignini, kitu kinachoupa mti ugumu wake.

Ili kupata mafuta, sukari hiyo lazima itolewe na kugeuzwa kileo. Mpika pombe anaijua kazi kama hii: vimeng'enya vya kimea hugeuza wanga kuwa sukari, kisha hamira huigeuza kileo. Bua ni gumu zaidi. Husagwa, hupikwa kwa mvuke au tindikali, ndipo hutiwa vimeng'enya vya kuvu Trichoderma reesei, iliyogunduliwa ikiozesha mahema ya jeshi la Marekani visiwani Solomon wakati wa Vita Kuu ya Pili. Sukari inayotoka hugeuzwa na hamira kuwa kileo, ambacho ndicho mafuta ya gari.

Kikwazo ni gharama. Kwa hiyo mkulima, usiyachome mabua yako: ng'ombe na udongo vinayahitaji leo.