Kwa Nini Kivinjari Hugoma Baada ya Masasisho?

Mwalimu wa Mwamapalala, mkoani Simiyu, aweza kusasisha kompyuta ya shule jioni, na asubuhi akakuta kivinjari kinakataa kurasa zilizofunguka jana. Mashine haikuharibika. Kila tovuti salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, nacho kivinjari hukilinganisha na saa ya kompyuta. Betri ndogo iliyomo ndani ikiwa imechoka, mashine ikizimwa na kutengwa na umeme, saa yaweza kurudi nyuma miaka mingi. Hapo cheti halali huonekana hakijaanza kutumika. Basi tutazame kwanza tarehe, mwaka na majira yetu, saa 3 mbele ya Greenwich.

Saa ikiwa sahihi na tovuti moja tu ndiyo inayogoma, yamkini kasoro iko kwenye seva yake. Mwaka 2020 Firefox toleo la 78 na Chrome toleo la 84 zilianza kuzuia TLS 1.0 ya mwaka 1999 na TLS 1.1 ya mwaka 2006, kanuni kongwe za kuficha mawasiliano. Wako wanaorudisha toleo la zamani. Mimi sishauri, maana hurudi pamoja na matundu yaliyokwisha kuzibwa. Afadhali aarifiwe msimamizi wa tovuti.