Tia Mkono Ndani ya Rundo: Familia Mbele ya Boti Kuukuu ya Dizeli

Katika Sura ya Al-Kahf, Mwenyezi Mungu ametutajia safina iliyotobolewa na yule mja mwema aliyefuatana na Nabii Musa (a.s.). Wenye safina ile wametajwa kuwa ni maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi wameitolea hoja aya hiyo katika mlango wa zaka, kwamba maskini huenda akamiliki kitu, hata chombo cha baharini, na kitu hicho kisimtosheleze. Sisi watu wa pwani tunaijua maana yake kwa macho. Wapo waliolala na fedha taslimu wakaamka na boti, na tangu siku hiyo kila shilingi iingiayo nyumbani huteremka pwani.

Kusi linapoelekea ukingoni, hutokea boti kuukuu za matembezi zikauzwa katika miji yetu. Aghalabu ni vyombo vilivyoachwa na wageni waliovitumia kwa starehe: bodi la faibaglasi, vyumba viwili vya kulala, jiko dogo, na mashine ya dizeli iliyokaa chini ya sakafu. Bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na boti mpya. Familia ikiitazama huona riziki: wageni wa kupelekwa kisiwa cha Maziwe kutoka Pangani, safari za uvuvi, harusi na matembezi ya Idi. Swali ni lile lile kila mara: inunuliwe au iachwe?

Hivi karibuni familia moja iliifikia kamati ya msikiti wetu ikiomba kuandikiwa mkataba wa boti ya namna hiyo, yenye umri wa zaidi ya miaka 30. Baba yao alifariki akaacha nyumba, nyumba ikauzwa, na kabla mirathi haijagawanywa akafariki pia mmoja wa watoto wake wa kiume, akaacha mjane na watoto wawili wadogo. Ndugu wawili wa kiume waliobaki walikwisha kuafikiana na muuzaji. Bei ingemeza karibu fedha yote ya nyumba. Dada yao hakuwapo kikaoni, na mjane hakuulizwa. Muuzaji alitaka arabuni ilipwe kabla ya Ijumaa.

Ndugu hawa si watu wabaya. Walichelea mali isije ikaliwa kidogo kidogo mpaka ikaisha, na khofu hiyo ina asili katika dini. Sayyidna Umar (r.a.) amepokewa akihimiza mali ya yatima ifanyiwe biashara, ili isipunguzwe na zaka mwaka baada ya mwaka. Basi kufanya biashara ni jema. Lililobaki ni kujua ni biashara gani, kwa fedha ya nani, na baada ya kukagua nini.

Umri peke yake si aibu

Insafu inatutaka tuseme kwamba mashine kuukuu ya dizeli yaweza kuwa kitu chema. Mashine za zamani za baharini ziliundwa kwa chuma kizito na huzunguka taratibu. Zikitunzwa kwa oili safi na dizeli iliyochujwa, hufanya kazi kwa maelfu ya saa. Nyingi ya hizo hazifi kwa kazi. Hufa kwa kutu, kwa chumvi na kwa kutelekezwa. Ndiyo maana boti iliyofungwa nangani miaka miwili bila kuwashwa huenda ikawa mbovu kuliko ile inayotoka kila siku.

Tena dizeli ina amani kuliko petroli. Mvuke wa petroli hushika moto upesi hata katika joto la kawaida, na ukituama chini ya sakafu ya boti ni hatari kubwa. Dizeli haishiki moto kwa wepesi huo. Na kwa kuwa nyingi ya mashine hizo hazina vifaa vya kielektroniki, fundi wetu wa mtaani aweza kuzifungua na kuzifunga. Lakini kabla ya kuuliza bei, ulizia vipuri. Mashine ambayo kiwanda chake kimeacha kuiunda zamani yaweza kuilaza boti msimu mzima kwa kukosa pampu moja.

Mkono ndani ya rundo

Imepokewa na Imamu Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye chakula akajitetea kwamba kilinyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akatamka lile kemeo zito dhidi ya wenye kughushi. Katika boti, rundo ni lile bodi lililopakwa rangi mpya, na unyevu uko ndani yake.

Fika bila kutoa muda mrefu wa taarifa, uishike mashine kwa mkono kabla haijawashwa. Ikiwa ina joto, muuzaji ameitangulia kuiwasha, na huenda amekuficha ugumu wake wa kuwaka ikiwa baridi. Vuta kijiti cha oili. Oili nyeupe kama maziwa maana yake maji yameingia. Kisha tazama moshi. Moshi mweusi huonesha dizeli isiyoungua yote, ama kwa nozeli mbovu, ama kwa kukosa hewa, ama kwa mashine kuelemewa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na mara nyingi ringi za pistoni zimekwisha. Moshi mweupe usiokoma hata baada ya mashine kupata joto huashiria dizeli ghafi au maji ndani ya silinda.

Usitosheke na kuisikia ikinguruma nangani. Itoke baharini kwa saa nzima au zaidi, ipewe nguvu yote, na macho yawe kwenye kipimo cha joto na cha mgandamizo wa oili. Maji ya kupoozea yatoke nje kwa wingi bila kukatika. Uliza kama mashine inapoozwa kwa maji ya chumvi moja kwa moja au kwa maji baridi yanayozunguka ndani, kwani ile ya kwanza huliwa na kutu kwa ndani pasipoonekana.

Bodi nalo lina lugha yake. Boti ipandishwe nchi kavu, au iegemezwe pwani wakati wa bamvua maji yakipwa. Fundi aligonge kwa nyundo ndogo kuanzia omo hadi shetri: palipo pazima hutoa sauti kavu, na palipooza au kulowa hutoa sauti butu. Avitazame vilengelenge chini ya mkondo wa maji, atikise rafadha na shafti yake, na afunue sakafu aone ngama. Fundi huyo awe wako, umlipe wewe. Asiwe jamaa wa muuzaji wala mtu wa kulipwa kamisheni uuzaji ukitimia.

Bei ya pili

Bei inayotajwa pwani ni ya kwanza tu. Ya pili hulipwa kila mwezi. Kwa kukadiria, mashine ya dizeli hutumia lita moja kwa saa kwa kila nguvu 5 za farasi zinazofanya kazi. Mashine ya nguvu 100 ikifanyishwa kazi kwa uwezo wake wote itakunywa lita 20 kwa saa, na safari ya saa 6 ni lita 120. Zidisha kwa bei ya dizeli ya leo, kisha uulize nauli ya abiria itatosha kweli au la.

Boti nzito isiyopanda juu ya maji ina kikomo cha mwendo kinachotokana na urefu wake. Yenye futi 36 kwenye mkondo wa maji hufikia noti 8 hivi. Kuilazimisha zaidi ya hapo ni kumwaga dizeli baharini kwa faida ndogo. Juu ya hayo kuna oili na filta, rangi ya chini, vipande vya zinki vinavyoliwa na chumvi badala ya rafadha, leseni, bima na mshahara wa nahodha. Anayetumia shilingi ya mwisho kununua boti hana ya kuitunza. Na anayeikopa fedha hiyo kwa riba ameingiza chomboni tundu ambalo hakuna kalafati ya kuliziba.

Fedha ni ya nani?

Hapa ndipo kamati ilipowasimamisha wale ndugu. Mirathi isiyogawanywa si ya wakubwa wa kiume. Fungu la dada, ingawa ni nusu ya la kaka, ni lake lote, na kunyamaza kwake si idhini. Fungu la marehemu ni la warithi wake, wakiwamo mjane na watoto wake. Qurani imekataza kuikaribia mali ya yatima ila kwa njia iliyo bora, na wapo wanazuoni wa madhehebu yetu waliomkataza mlezi hata kuisafirisha mali hiyo kwa bahari, kwa kuchelea ghariki. Itakuwaje basi mali yenyewe igeuzwe kuwa chombo?

Mjane alipoitwa aliuliza jambo moja tu: boti ikizama, watoto wake watadai kwa nani? Hakuna aliyekuwa na jibu.

Mirathi ikagawanywa kwanza. Fungu la mayatima likatengwa, na dada akachagua kubaki na lake. Ndugu wawili wakabaki na fedha isiyofika nusu ya bei, na wakaanza kuitazama boti kwa macho mengine. Walipoomba ipandishwe nchi kavu, muuzaji alisema aliye na shaka asinunue. Walilifuata neno lake.

Roho za wengine

Kuna wasiohudhuria mapatano kabisa, nao ni abiria. Hatujaisahau MV Spice Islander I, iliyoundwa mwaka 1967, iliyozama Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba ikiwa imepakia kupita uwezo wake. Wala MV Skagit, iliyoundwa mwaka 1989, iliyozama karibu na Chumbe Julai 18, 2012. Zilikuwa meli, nasi tunazungumzia boti ndogo, lakini bahari ni moja. Chombo kilichonunuliwa kwa kujinyima kupita kiasi humsukuma mwenyewe kupakia mtu mmoja zaidi, kuahirisha matengenezo, na kutoka siku ambayo kusi limekataza. Kwa hiyo ukaguzi wa TASAC kwa upande wa Bara, au wa Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa upande wa Zanzibar, usitazamwe kama usumbufu wa serikali. Maboya ya kuvaa yatimie idadi ya abiria, na kizima moto kiwe kizima. Hizo ni gharama za kuingizwa katika bei tangu siku ya kwanza.

Mkataba uandikwe hivi

Atakayeridhika baada ya yote hayo, na anunue kwa jina la Mwenyezi Mungu. Aandike kila kasoro iliyotajwa na muuzaji. Aweke sharti la khiyari, ambalo kwa madhehebu ya Imamu Shafi halizidi siku 3, na katika siku hizo fundi amalize kazi yake. Ajue pia kwamba neno la muuzaji, "nimekuuzia kama ilivyo," kwa madhehebu yetu halimwondolei dhima ya aibu iliyokuwamo. Mnunuzi akiigundua ana haki ya kuirudisha boti, mradi asicheleweshe. Ama arabuni inayoliwa na muuzaji biashara isipotimia, wanazuoni wengi, akiwamo Imamu Shafi, hawakuiruhusu. Itolewe kama sehemu ya bei, na irudishwe mkishindwana.

Wakinunua kwa ushirika, kila mtaji uandikwe kwa jina la mwenyewe, na faida na hasara zifuate kadiri ya mitaji. Atakayekuwa nahodha aandikiwe ujira wake mbali, asije akadai kwa mdomo baada ya mwaka.

Na istikhara iswaliwe, lakini baada ya kutaka ushauri na kukagua. Haikuwekwa iwe badala ya nyundo ya fundi. Mke, dada na mama wakae katika kikao hicho tangu mwanzo, kwa kuwa boti ikilala bila kazi ni sufuria zao zitakazolala nayo. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na awafikishe salama wote wanaosafiri baharini. Amin.