Vishikio vya sufuria vya kitambaa cha matunda: piga hesabu kabla hujashika mkasi

Tangu niweke ile picha ya vishikio vya sufuria vyenye nanasi, watu wengi wananiandikia wanaomba kipimo. Kipimo nitatoa, tena bure. Ila kipimo peke yake hakitakutoa. Hapa Moshi najua kina dada watatu walioanza biashara hii kwa kasi, ndani ya miezi miwili wameacha, na wote watatu wananizidi kushona. Kitambaa kiliwamaliza mtaji kabla hawajajua kinatoa vipande vingapi, na walichoshona kilikuwa kizuri kwa macho tu, jikoni hakishiki sufuria.

Mimi sikusomea ushonaji. Nilimaliza kidato cha nne, nikafungua duka la vyombo na vitu vya jikoni, cherehani nimejifunzia humo humo dukani kwa fundi jirani yangu. Kwa hiyo naongea kama muuzaji anayeshona, fundi mkubwa akiona kitu anirekebishe.

Tuanze na sufuria yenyewe. Ukiingia mtandaoni kutafuta namna ya kushona hivi vitu, mafunzo mengi ni ya Wazungu. Wao wana oveni, wanatoa treni za keki, kwa hiyo wanashona glovu nene kama godoro. Sufuria zetu za kawaida hazina mikono. Unaibana kwenye ukingo, huku kidole gumba, huku vidole vinne, tena ina ugali au maharage ya watu kumi. Kishikio kikiwa kinene vidole havikutani, sufuria inateleza. Kikiwa chembamba unaungua. Yaani biashara yote iko hapo katikati.

Nilivyopata mimi ni hivi: kitambaa cha picha juu, tabaka mbili za taulo la pamba ndani, na amerikani nyuma. Tabaka tatu za taulo ni nyingi, vidole vinakuwa vigumu. Kabla sijauza aina mpya nachemsha maji sufuria nzima, naibeba kutoka jikoni mpaka mezani, naitua, halafu nahesabu moja mpaka kumi nikiwa bado nimeshika ukingo. Joto likinifikia kabla ya kumi, hicho hakiendi dukani.

(Kwa wasiojua, amerikani ni lile gwanda jeupe la pamba lisilo na rangi. Jina limetoka Marekani kweli, maana meli zao ndizo zilizokuwa zikilileta Zanzibar karne ya 19.)

Sasa kitambaa cha picha. Watu wanadhani mpaka uagize nje. Ni kweli Marekani kuna vitambaa vya pamba vya kushonea kwilti, zile shuka za vipande vipande, na vina picha za kila chakula: ndimu, pilipili, vikombe vya kahawa, mikate. Upana wake ni kama sentimita 110, na madukani kwao wanakata hata vipande vidogo vya sentimita 45 kwa 55 kwa ajili ya wanaoshona vitu vidogo. Kama una ndugu huko anakuja likizo, mwambie akuletee vipande, havina uzito kwenye begi. Kipande kimoja kinakupa miraba minne, yaani jozi mbili. Lakini kukijengea biashara hapana, kikiisha humpati mwingine wa kukuletea kesho.

Mimi nachukua sehemu tatu. Ya kwanza vitenge, Kariakoo mtaa wa Uhuru, ninapoenda kufuata mzigo wa duka. Ya pili khanga. Khanga usiikate kama kitenge, ina sehemu zake: pindo linalozunguka, mji katikati, na jina. Ile michoro ya korosho ni ya khanga tangu zamani, na inaendana na jikoni vizuri kabisa. Pindo linatoa utepe wa pembeni, mji unatoa kipande kimoja kikubwa cha kupamba aproni. Jina usilitupe, maneno yakiwa mazuri lishone mfukoni mwa aproni, wateja wanalipenda kuliko hata ua. Ya tatu ni mitumba, soko la Memorial, kwenye vitambaa vya meza na mapazia. Humo nimepata malimao, zabibu, mahindi, mpaka uyoga. Shida ya mitumba, vingi siyo pamba.

Na hapa usipuuzie hata kidogo. Mteja wangu mmoja, mama mtu mzima, alikuja kunionyesha kiganja chake kimebabuka. Alinunua kishikio mahali pengine, kina matunda mazuri, ndani wameweka sponji. Aligusa sufuria iliyotoka kwenye mkaa, sponji na kitambaa vikayeyuka vikamganda. Pamba ikizidiwa na moto inaungua, lakini haigandi kwenye ngozi kama plastiki. Poliesta inayeyuka. Kwa hiyo chochote kitakachogusa sufuria ya moto: kitambaa pamba, katikati pamba, na uzi pia kama unaupata wa pamba.

Kujua ni rahisi. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibanio, ziwashe juu ya sahani ya bati, watoto wakiwa mbali. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu laini la kijivu. Poliesta inajikunja kuukimbia moto, inanuka plastiki, inaacha kidonge kigumu cheusi. Ukiona jivu na vidonge pamoja, ni mchanganyiko, usiutumie kwa vishikio. Na usichome uzi wa upande mmoja tu, vuta wa urefu na wa upana, kuna vitambaa nyuzi zake za upande huu siyo za upande ule. Muuzaji akikuambia "hii pamba mia kwa mia dada", itikia vizuri, chomoa uzi.

Kilichofeli jaribio la moto siyo cha kutupa. Kinashonwa vikalio vya glasi, mfuko wa vijiko, kitambaa cha kufunikia blenda.

Baada ya hapo fua kitambaa kabla ya kukata. Pamba inarudi, unaweza kupoteza sentimita 3 mpaka 5 kwenye kila mita, na khanga mpya ina wanga, ikitoka ndiyo unaona wembamba wake halisi. Ukishona bila kufua, mteja akifua mara ya kwanza picha inajikunja na nyuma inabaki imenyooka. Halafu paka maji kitambaa cheupe, sugua juu ya picha. Kikitoka rangi, fua tena. Kuna wanaosema weka chumvi na siki, mimi siitegemei hiyo. Kikiendelea kutoa rangi hakigusi chakula wala kitu cha kuloana.

Twende kwenye hesabu sasa, maana ndiyo iliyowatoa wale dada. Bei hizi ni za mfano, weka za kwako.

Kitambaa mita moja tuseme 6,000, upana 110. Toa kingo za pande mbili, unabaki na kama 106 za kutumia. Mimi nakata mraba wa sentimita 21, kwa sababu ukishapitisha mishono unapungua, nanyoosha ubaki 20. Upana unatoa vipande 5, urefu wa mita unatoa safu 4. Jumla 20, yaani jozi 10, na picha kwenye kila jozi imekugharimu 600.

Hiyo ni kama picha ni ndogo ndogo zimesambaa, hata ukikata wapi tunda lipo. Sasa chukua kitambaa chenye nanasi kubwa moja linalojirudia kila sentimita 30, na wewe unataka nanasi likae katikati ya kila kishikio. Huwezi tena kukata 20. Unapata 3 kwa 3, vipande 9. Picha kwa jozi inaruka kutoka 600 mpaka karibu 1,330, kitambaa bei ile ile.

Ukiongeza vingine kwa jozi: amerikani 400, taulo 1,000 (taulo la kuogea la sentimita 70 kwa 140 linatoa miraba 18, siyo zaidi), utepe 400, uzi na umeme 300, kadi 100, na mshono 1,200. Mshono uweke hata kama unashona mwenyewe usiku. Siku utakapomwajiri fundi, hiyo hela itatoka wapi kama haikuwemo kwenye bei?

Basi kwa picha ndogo jozi inasimama 4,000. Ukiuza rejareja 6,000 una 2,000, jumla ukiuza 5,000 una 1,000. Kwa nanasi kubwa jozi inasimama kama 4,730. Rejareja unabaki na 1,270, na jumla unabaki na 270. Mia mbili sabini! Hapo ndipo mwenzetu mmoja alipokea oda ya jumla ya jozi 60, akafurahi, akakesha wiki mbili, na akamaliza bila hela ya kununua kitambaa kingine.

Sisemi uache picha kubwa. Ndizo zinazomsimamisha mtu dukani. Mimi nazifanya kidogo, nazitundika mbele, na haziingii kwenye bei ya jumla kabisa. Na yale mabaki katikati ya mananasi yana upana wa sentimita 9 hivi, yanatosha utepe wa pembeni, kwa hiyo unarudisha sehemu ya ile 400. Kwa mraba, utepe ukate ulionyooka wa sentimita 5, inatosha. Ule wa kukata mshazari uache kwa vitu vya duara, maana unakula kitambaa.

Ukienda dukani beba futi kamba na karatasi ngumu uliyoikata katikati tundu la mraba wa 20. Liweke juu ya kitambaa, lisogeze. Unachokiona ndani ya tundu ndicho mteja atakachokiona. Kuna vitambaa vikiwa kwenye robota vinapendeza, ukiweka karatasi unaona jani tu na nusu ya tikiti. Halafu pima kutoka tunda mpaka tunda linalofuata kama lile, fanya hesabu yako hapo hapo, wala usione aibu kusimama.

Kushona kwenyewe hakuna makubwa. Panga matabaka, bana na pini, sindano namba 16, pitisha mistari kila sentimita 4 kutoka katikati kwenda nje ili kitambaa kisivutike. Usijaze mistari mingi, kila mshono unabana taulo na joto linapita kirahisi. Shona 10 kwa pamoja: leo kukata zote, kesho mistari, kesho kutwa utepe. Moja moja inakupotezea siku. Kitanzi cha kutundikia kiwe kifupi, kirefu kinaning'inia kwenye moto.

Kwenye kadi naandika mambo mawili: pamba tupu, na usishikie kikiwa kimeloa. La pili wengi hawalijui. Kishikio kibichi kinapitisha joto haraka, maji yakichemka humo ndani mvuke unakuunguza. Ndiyo maana nauza jozi na siyo kimoja, kimoja kikiwa kwenye kamba kingine kinafanya kazi.

Kinachonilipa zaidi ya vishikio ni mfuko wa chapati. Duara mbili za sentimita 34, nje picha, katikati taulo jembamba, ndani amerikani iliyofuliwa, unaacha mdomo upande mmoja. Chapati kwenye hotpoti zinatoa jasho, za chini zinalowa. Kitambaa kinakunywa ule unyevu na chapati inabaki laini. Krismasi na Ramadhani vinakwisha. Msimu mwingine ni kichen pati: mashangazi wanataka seti, yaani vishikio, aproni na mfuko wa chapati, vyote tunda moja. Waulize rangi ya sare mapema, na chukua nusu ya hela kabla hujakata, maana seti ya rangi ya watu ukibaki nayo ni ngumu kumpata mwingine anayeitaka.

Wanaouliza kama nauza kitambaa kwa vipande: miraba ya 21 iliyofuliwa na kunyooshwa ipo, naifunga kumi kumi. Ya picha kubwa siuzi, hainitoshi mwenyewe.