Kivuli cha Fimbo Butimba

Butimba, kando ya Ziwa Victoria upande wa kusini wa mji wa Mwanza, iko takriban nyuzi 2.5 kusini ya Ikweta. Tarakimu hiyo hukaririwa kutoka katika atlasi. Hata hivyo mwanafunzi mwenye fimbo ya mita 1, timazi ya mwashi na kiwanja tambarare aweza kuipata mwenyewe.

Uzi wa timazi ni mstari wima. Uso wa maji yaliyotulia ni mlalo. Viwili hivyo vikikutana hufanya pembe mraba, yaani nyuzi 90. Fimbo isipofuata timazi, vipimo vyote vitapotoka.

Adhuhuri ya 21 Juni miale ya jua hukutana na ardhi ya Butimba kwa pembe kali ya nyuzi 64 hivi. Upande wa pili hubaki pembe butu ya nyuzi 116, na jumla yake ni pembe nyoofu, nyuzi 180. Kivuli huelekea kusini, urefu wake karibu sentimita 49. Desemba huelekea kaskazini. Mwanafunzi wa Ulaya haoni kamwe kivuli cha adhuhuri kikigeuka hivyo.

Siku yenye manufaa zaidi ni 20 au 21 Machi, jua liwapo juu ya Ikweta. Jua li mbali mno hata miale yake huhesabiwa kuwa mistari sambamba. Mwale uangukao wima Ikweta, ukirefushwa, hufika kitovu cha dunia. Fimbo ya Butimba nayo ikirefushwa hufika papo hapo. Basi fimbo hukata mistari miwili sambamba, na pembe mbadala, moja kwenye ncha ya fimbo na nyingine kitovuni, ni sawa. Kivuli cha sentimita 4.4 hutoa nyuzi 2.5. Kwa kuwa kila nyuzi 1 ya latitudo ni kilomita 111 hivi, Ikweta iko umbali wa kilomita 278. Kwa hoja hiyohiyo Eratosthenes alikadiria mzingo wa dunia katika karne ya 3 kabla ya Kristo, akilinganisha Alexandria na Aswan, mji ulio kando ya Nile, mto utokao katika ziwa hilihili.

Wengi hukosea saa. Saa ya Tanzania hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Butimba iko karibu nyuzi 33. Hivyo siku hiyo ya Machi adhuhuri ya jua huwadia yapata saa 7 kasoro dakika 5. Apimaye saa 6 kamili atakuta kivuli cha sentimita 25 hivi kikielekea magharibi, na hesabu yake itaihamisha Butimba hadi nyuzi 14, kwenye latitudo ya Lilongwe.