Likizo ya kipupwe: mlima upi kwa watu wa Mwanakwerekwe?

Masika yakishakatika na kusi likaanza kuvuma, Unguja hujaa wageni waliokuja kuifuata bahari yetu. Sisi tuliozaliwa kando ya bahari hiyo, skuli zikifungwa mwezi Juni, wengi twaishia Dar es Salaam kwa jamaa, tukarudi na mifuko ya nguo. Si vibaya. Lakini mwenye uwezo wa kuongeza siku chache na nauli ya basi la Arusha au Moshi ana milima ya volkano inayomngoja, ndani ya nchi yake.

Tatizo ni kwamba kila anayewaza mlima huwaza kilele cha Kilimanjaro. Mita 5,895 si matembezi ya familia. Njia fupi huchukua siku tano au zaidi, hewa huwa nyepesi, kichwa huuma, na gharama za waongozaji, wapagazi na hifadhi hupanda pamoja nawe. Kwa maoni yangu, anayeanza apite njia ya Marangu ya mlima huohuo, kwa siku moja tu. Kutoka getini hadi kambi ya Mandara, mita 2,720, ni saa tatu au nne ndani ya msitu, na dakika chache mbele yake iko kreta ya Maundi, mdomo wa volkano uliokwisha kuota nyasi. Hata mtoto wa darasa la sita, akiwa mwepesi wa miguu, anafika.

Vijana wenye vifua vizuri waende Meru, mita 4,566. Watalala kambi ya Miriakamba, kisha ya Saddle, na askari wa hifadhi atatembea nao na bunduki kwa sababu ya nyati na tembo. Ubavu wa mashariki wa mlima huo uliporomoka zamani sana, kwa hiyo ukiwa juu unatazama chini ndani ya tumbo lake, na katikati imesimama koni ya majivu. Umaarufu wote umekwenda kwa jirani yake, na Meru imeonewa.

Halafu kuna Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamasai, kusini mwa Ziwa Natron. Huu haujalala. Mwaka 2007 na 2008 ulilipuka na kumwaga majivu, na ni volkano pekee duniani inayojulikana kutoa katika zama zetu lava iliyojaa magadi. Ndiyo, magadi, jamaa ya yale tunayonunua sokoni kulainishia maharage. Lava ya volkano nyingine huweza kufikia nyuzi 1,100 na zaidi. Hii hutoka kwenye nyuzi 500 hadi 600, nyeusi na nyepesi kama maji ya matope, kisha ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe. Mvua huosha magadi hayo na kuyateremsha ziwani, wanakozaliana heroe kwa maelfu. Mlima wenyewe hupandwa usiku ili kukwepa jua, na mteremko wake ni mkali mno. Watoto wabaki kijijini Engare Sero, waoge kwenye maporomoko ya maji, wakaone na nyayo za watu wa kale zilizogandishwa kwenye majivu.

Kinachotushinda watu wa visiwani ni baridi. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua nyuzi sita hivi, na Juni hadi Agosti Arusha kwenyewe sweta halivuliwi asubuhi. Kabla ya kukata tiketi ya boti, zungukeni kwenye mitumba ya Mwanakwerekwe: jaketi nzito, soksi za sufu, kofia ya kufunika masikio. Viatu nunueni mapema, mvivae wiki mbili mkienda navyo kazini. Malengelenge humrudisha mtu haraka kuliko simba.

Mlimani hakuna ruhusa ya kwenda bila mwongozaji, na miezi hiyo vitanda vya kambini hugombewa na wageni wa Ulaya, basi wekeni nafasi mapema. Mwambieni mpishi tangu mwanzo kwamba nyama iwe ya halali. Na kila mtu mzima abebe kitambulisho chake cha Taifa: raia hulipa kwa shilingi, kiwango cha chini sana kuliko cha mgeni, lakini getini uraia wa mdomoni hautoshi.