Gia Otomatiki Inapolalamika

Gari la mjomba ni la gia otomatiki. Mwaka jana, kila alipotoa mkono wa gia kwenye P na kuutia D, lilipiga "ngu!" kisha likavuma kama nyuki. Fundi mmoja akamwambia giaboksi imekwisha, anunue nyingine. Nilitetemeka, maana mjomba ndiye anayenilipia karo!

Fundi wa pili alitueleza hivi. Kwanza, giaboksi hii huendeshwa kwa nguvu ya oili inayosukumwa na pampu. Oili ikipungua, pampu hufyonza hewa, ndipo huvuma na gia ikakawia kushika. Oili hiyo haiishi kwa kutumika. Ikipungua, jua inavuja mahali. Pili, "ngu!" huletwa na kuchakaa kwa mipira inayoshikilia injini na giaboksi, au injini kuzunguka kasi mno gari likiwa limesimama. Lakini oili ikiwa nyeusi na yanuka kuungua, hapo ndani kumeharibika kweli.

Kumbe letu lilikuwa na sili iliyopasuka na mpira mmoja uliokatika tu. Karo ikapona! Wenzangu, usipoziba ufa utajenga ukuta.